Kumpitisha Mtoto Juu ya Jeneza

Mume wangu alikuwa mweusi kuniliko, na bado Mwanza nzima ilimwita Mzungu. Alikuja na jeshi la Mwingereza wakati wa vita ya Mjerumani, kutoka kisiwa kimoja cha ng'ambo ya bahari ya magharibi, ambako mababu zake walipelekwa utumwani wakalimishwa miwa mpaka lugha zao zikawatoka. Vita ilipokwisha wenzake walipanda meli wakarudi kwao. Yeye akabaki. Akapata kazi ya ufundi wa mitambo kwenye karakana ya meli pale bandarini, na baada ya miaka akanipata mimi, Mkerewe niliyekuwa nauza dagaa wakavu sokoni, na mdomo wangu ulikuwa unajulikana mpaka Kamanga, ng'ambo ya ghuba.

Kiswahili alikuwa amefundishwa na askari na wapagazi, kwa hiyo kilikuwa cha amri tupu. Hata mapenzi aliyasema kama mtu anayepanga watu mstari. Nilimcheka, naye alikuwa hodari wa kujicheka mwenyewe. Jambo moja tu hakupenda lichekwe, nalo ni habari za wafu wa kwao.

Kwao, alisema, mtu akifa kuna kitu chake kinachobaki juu ya ardhi, wao hukiita dapi. Dapi hupiga mawe mapaa ya nyumba, hukaa kwenye miti mikubwa, na humrudia aliyempenda kwa kuwa hajui kwamba amekufa. Ndiyo maana baada ya maziko watu hukesha na kuimba, na usiku wa tisa hukihamisha kitanda cha marehemu na kugeuza vitu vyote vya chumbani, ili akirudi asikitambue akaenda zake. Tena kuna ndama mwenye macho ya moto anayezurura njia panda akiburuta mnyororo. Yeye hakuwahi kumwona, ila shangazi yake aliusikia ule mnyororo, na shangazi yake hakuwa mwongo.

"Mizimu ya kwenu mijinga sana," nilimwambia. "Ya kwetu haidanganywi kwa kuhamishiwa kitanda."

Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgeni. Akanisimulia kwamba bibi yake alikuwa akisema hivi: katika wale wa kwanza waliotoka huku, wasioonja chumvi waliweza kuruka hewani wakarudi Afrika. Waliokula chumvi wakawa wazito, wakabaki. "Mimi nimekula chumvi," akasema. "Mimi kuja kwa meli." Siku ile sikumcheka.

Tulikaa Kirumba, nyumba ya udongo yenye paa la bati alilolipigilia mwenyewe. Tukapata mapacha, wa kiume na wa kike. Majina yao siyataji. Kila mtu wa huku anajua mapacha huitwaje.

Mapacha si watoto wa hivi hivi. Mama yangu alivuka ziwa kutoka Ukerewe kuja kuwafanyia mambo yao, maana wasipofanyiwa huleta mikosi kwa ukoo mzima. Wanawake wakaja wakaimba nyimbo za mapacha, na nyimbo hizo ni matusi matupu, ya nguoni, anatukanwa baba na anatukanwa mama. Mume wangu alisimama uani amepakwa unga usoni, anatabasamu kwa adabu, kwa kuwa hakuelewa hata tusi moja. Mimi niliyaelewa yote, na mengine nimeyatumia sokoni.

Mama hakuwa uani. Alikuwa nyuma ya nyumba. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na mkwe hatamki jina la mama mkwe hata kama nyumba inaungua. Mume wangu mwanzoni aliona ni mambo ya ajabu, kisha akayashika kuliko wakwe wazaliwa. Akimwona mama njiani alikuwa anaingia vichakani. Wakiwa na neno walilisema kupitia kwangu, mama akiwa upande huu wa ukuta na yeye upande ule, kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa. "Mwambie mkwe kuni zimekwisha." "Mwambie mama, kuni kesho." Nami nasimama katikati kama karani wa bomani.

Watoto walipoanza kusimama dede, homa ikamwingia wa kiume. Tulimpeleka hospitali ya serikali, wakampa kwinini, ikashuka, ikapanda tena. Mama akapata habari akaja na mtumbwi wa wauza samaki. Alfajiri moja mtoto akanifia mkononi. Nilikuwa nimefungua kinywa nipige ukelele, mama akaniziba kwa kiganja chake, kwa nguvu, mpaka mdomo ukaniuma.

"Pacha hafi," akaninong'oneza. "Pacha amekwenda kuteka maji. Ukilia, huyu aliyebaki atajua mwenzake kaondoka, naye atataka kumfuata. Meza hicho kilio."

Nikakimeza. Aliyepata kumeza kilio cha mtoto wake ananielewa, na asiyepata, Mungu amwepushe. Watoto wangu walikuwa wamegawana maziwa tangu wachanga: wa kiume titi la kushoto, wa kike la kulia, na hakuna aliyekubali la mwenzake. Asubuhi ile la kushoto likajaa kama kawaida yake. Lilijaa likauma, likaanza kutona lenyewe mpaka kanga ikalowa. Nikaketi pale sebuleni nimenyamaza. Majirani waliokuja wakaniambia pole ya kazi, kama vile nimetoka kulima, kwa sababu kwa pacha hakuna pole nyingine.

Jua lilipopanda nikamgusa wa kike. Alikuwa wa moto.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa hasa. Mpaka wakati ule nilikuwa na huzuni, na huzuni mtu huibeba. Hofu ilinifanya niwe natembea toka mlangoni hadi jikoni na kurudi, mtoto begani, nikimpangusa kwa kitambaa cha maji, naye anatazama tu. Hakulia. Mtoto mwenye homa asiyelia anatisha kuliko anayelia.

Mume wangu alikuwa karakana tangu kulipopambazuka. Akarudi na jeneza dogo, amelitengeneza kwa mbao za makasha ya bidhaa, amelipiga msasa mpaka likawa laini kama mwiko wa zamani. Macho yalikuwa mekundu. Alikuwa amelilia huko kazini, ambako mama yangu hakuwepo wa kumziba kinywa.

"Mwambie mkwe," mama akasema akiwa nyuma ya ukuta, "pacha hawekwi sandukuni. Huzikwa penye udongo wa majimaji, karibu na ziwa, kimyakimya."

"Mwambie mama, udongo wa maji sawa. Kimya sawa. Sanduku lazima."

Mama akafikiri. "Mwambie sawa."

Nikadhani tumemaliza. Lakini mume wangu alibaki amesimama, anamtazama mtoto wa kike begani mwangu. Akamgusa shingo, akauondoa mkono haraka.

"Mwambie mama, kuna jambo moja bado. Huyu lazima apite juu ya sanduku. Mara tatu. Mtu mmoja upande huu, mtu mmoja upande huu, wanapeana mtoto, na jina la mtoto linaitwa kwa sauti. Halafu yule wa ndani anajua: huyu ana watu wake, huyu si wako. Bila hivyo atarudi kumchukua wa kucheza naye. Nimeona. Dada yangu alichukuliwa hivyo, kwa sababu baba alikataa kumpitisha."

Sikuhitaji kumwambia mama. Alitoka nyuma ya ukuta, kanga imeshushwa mpaka machoni, akasimama akitupa mgongo sisi wote wawili.

"Mwambie mkwe kwamba anataka kuniulia mjukuu. Pacha aliyebaki haonyeshwi kaburi la mwenzake. Jina lake halitajwi pale hata kwa kunong'ona. Akilisikia yule aliye chini, ataliitikia, na ataliita. Ukimpeleka huyu pale umemkabidhi."

Basi kazi ikawa hiyo. Wote wawili walikuwa wanaogopa jambo moja, kwamba aliyetangulia atamrudia aliyebaki. Dawa ya huyu ilikuwa sumu ya yule. Na mtoto alikuwa mmoja, yule pale begani, anapumua kwa haraka.

"Muulize," mama akasema, "hayo amefundishwa na nani?"

"Bibi yangu," mume wangu akajibu moja kwa moja, amesahau ukuta.

"Na bibi yake alifundishwa na nani?"

"Na wale waliochukuliwa huku."

"Basi walichukuliwa wakiwa watoto, wakasahau nusu."

Nilimwona mume wangu anatafuta maneno katika kile Kiswahili chake cha amri. "Mwambie mama," akasema, "labda sisi tulishika nusu, na ninyi mkashika nusu. Mimi sijui. Mimi nina mtoto mmoja tu sasa."

Nilitaka kuwachapa wote wawili. Nilitaka mtu yeyote aje, padri, mganga, hata yule Mhindi wa duka la nguo aliyetukopesha shuka jeupe, anyooshe kidole aseme fanya hivi. Badala yake mama akasema: "Aliyemzaa ndiye atakayesema." Na mume wangu akasema, "Sema." Wakaningoja.

Mtu akiniuliza nilitumia akili gani, nitamwambia kweli. Tangu alfajiri tulikuwa tumefuata njia ya mama. Hatukulia, hatukutaja, tulikuwa tunatembea kwa vidole ndani ya nyumba yetu kama wezi. Na homa ilikuwa inapanda. Nikasema, "Apitishwe."

Mama alikaa chini, akauweka mkono wake juu ya udongo, akautazama huo mkono.

Ikabaki nani atakayempokea upande wa pili. Mimi mwenyewe nilikuwa tayari, lakini mume wangu akakataa. Kwao mama mzazi haruhusiwi, kwa kuwa maiti ya mtoto humng'ang'ania mama kuliko wote. Lazima awe ndugu wa damu ya mtoto. Yeye ndugu zake walikuwa ng'ambo ya bahari. Kaka yangu alikuwa Ukerewe. Nikazunguka kwa majirani, nikaanza kusihi hata wasio ndugu, nikijisemea moyoni kwamba damu tutaizungumza baadaye. Mmoja akasema ana mimba. Mwingine akasema mumewe hayupo wa kumpa ruhusa. Wa tatu hakunidanganya: "Dada, mimi mambo ya mapacha siyawezi, na hayo ya Mzungu wako siyajui." Sikumlaumu. Sisi wenyewe hatukuyajua.

Mchana tukateremka ziwani. Wanaume wawili walikuwa wamechimba mahali penye matete, chini ya mawe makubwa, na maji yalikuwa yanachungulia ndani ya shimo. Wakaweka jeneza kwenye vijiti viwili juu ya shimo, kisha wakaondoka wakaenda kusimama mbali, wakijifanya wanaosha majembe. Mimi niliambiwa nisivuke jiwe la kwanza. Nilisimama pale nimelishika. Mama alikuwa nyuma yangu kidogo, amejifunika.

Mume wangu akasimama upande mmoja wa jeneza na mtoto mikononi. Akamnyoosha juu yake. Upande wa pili hapakuwa na mtu.

Naona bado ile mikono. Ilikuwa mikono ya kuinua vyuma, lakini haikuumbwa kukaa imenyooshwa hivyo, na baada ya muda ikaanza kushuka. Mtoto alikuwa amelegea, kichwa kimeinama. Mume wangu hakumrudisha kifuani. Nikaelewa kwamba hawezi. Akimrudisha kabla hajapokelewa, itakuwa amempitisha nusu, na aliyepitishwa nusu atakuwa wa nani? Alinitazama. Sikuwahi kumwona mwanamume akitazama vile, na sitaki kumwona tena. Nikainua mguu nivuke lile jiwe, kama maiti itanishika na inishike.

Mama akanivuta nyuma kwa kanga, akanipita.

Alikwenda bila haraka, akazunguka shimo, akasimama pale pasipokuwa na mtu. Akaishusha kanga kutoka kichwani mpaka mabegani. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, mama yangu na mume wangu wakatazamana usoni.

"Lete," akamwambia. Hakusema mwambie mkwe.

Mume wangu akavuta pumzi ili aite jina la mtoto. Mama akainua kiganja, kilekile kilichoniziba kinywa.

"Usimtaje huyo. Nitaje mimi."

"Mama, kwetu linaitwa jina la..."

"Nimesikia ya kwenu siku nzima. Si unataka jina liitwe? Liite langu. Kama humo ndani kuna anayesikia, na kama anataka mtu wa kwenda naye, asikie jina langu, anitake mimi. Mimi nimekula chumvi nyingi. Huyu hajaota hata meno yote."

Mume wangu akafungua kinywa, akakifunga. Alikuwa halijui. Miaka yote ile, kwa adabu yake yote, hakuwa amepata kulisikia jina la mama mkwe wake, maana ni nani angelitaja mbele yake? Akageuka kunitazama mimi.

Nami pia halikuwa jina la kuchezea mdomoni. Mtoto haropoki jina la mzazi wake, na hapo nilikuwa naombwa nilipaze juu ya kaburi. Mama hakugeuka. Aliendelea kunyoosha mikono. Nikalisema. La kwanza lilitoka kama mkoromo, mume wangu hakusikia, ikabidi nilirudie kwa sauti, na sauti ikagonga mawe ikaturudia.

Mume wangu akaliita, kwa ulimi wake ule mgeni, akilivunja katikati. Mtoto akapita juu ya jeneza akapokelewa na mama. Akaliita tena, mama akamrudisha. Safari hii mtoto akalia. Tangu asubuhi hakuwa amelia. Akaliita mara ya tatu, mtoto akapita, akabaki kwa mama. Mikono yao iligusana mara zote tatu, nami niliona, na wale wanaume wawili kule waliona wakageuza nyuso.

Jina hilo siliandiki hapa. Ameitwa vya kutosha.

Wasimuliaji wangesema homa ilishuka palepale. Waongo. Usiku ule ilikuwa kali kuliko mchana, na tulimrudisha hospitali akapewa dawa nyingine. Ilishuka polepole, leo hivi kesho vile, mpaka asubuhi moja akalilia uji. Hospitali walisema ni kwinini. Mume wangu alisema ni kule kupitishwa. Mama alikuwa amekwisha kujifunika tena, na mume wangu alikuwa amerudia kuingia vichakani akimwona, na maneno yao yakarudi kupitia kwangu: mwambie mkwe, mwambie mama.

Lakini aliporudi Ukerewe mama hakuitikia tena mtu akimwita. Ukimwita toka mbali alikuwa ananyamaza, hata awe amekuona. Ilibidi umfuate mpaka alipo umguse bega ndipo aseme. Wake wa kaka yangu walidhani anazeeka masikio. Mimi nilijua, na mume wangu alijua. Aliyeitwa jina juu ya kaburi, akiitikia amekwenda.

Alifariki mwaka ambao binti yangu alikuwa amepevuka, amekuwa mrefu kunipita. Kabla ya hapo, mwaka uleule, tulikuwa tumekwenda kumsaidia shamba. Ilikuwa asubuhi ya jua. Binti yangu alikuwa ameteremka ziwani na ndoo. Mimi na mama tulikuwa tunapalilia mihogo, hatua chache tu kati yetu, na hapakuwa na mtu mwingine hata mmoja.

Mama akanyanyua kichwa. Akageukia upande wa Mwanza, akasema kwa sauti ya mwanamke aliyeitwa na mtu wa nyumbani: "Abee!"

Nikamrukia. Nilimshika mabega nikamtikisa, mzazi wangu, nikamfokea, "Unamwitikia nani? Hakuna aliyekuita! Miaka yote umenyamaza, kwa nini leo?"

Akanitoa mikono taratibu.

"Si nilisema aniite?" akasema. "Hajaniita mpaka mwenzake amekua. Ana adabu, mtoto wako. Na sauti imekomaa, ungeisikia, ni ya mwanamume kabisa."

Akaokota jembe lake akaendelea na tuta. Nilikuwa na hasira, nilikuwa naogopa, na chini ya hayo yote kulikuwa na kitu kingine kilichonitia aibu, nacho kilikuwa wivu. Nikasimama palepale kwenye mihogo, nikazuia pumzi, nikatega masikio kuelekea ziwani ili nami niisikie japo mara moja. Nilisimama mpaka binti yangu akarudi na maji. Sikusikia kitu.